Folda Tupu Iliyojibu Upesi

Mwangi,

Umetoka kwenda kunyolewa na kununua begi, na ninajua utakawia kwa sababu unapenda kuchagua. Nina saa tatu hivi. Mkono wangu unaandika mistari mitano kisha unadai kupumzika, na pumzi nayo ina masharti yake, kwa hiyo usishangae ukikuta mwandiko umebadilika katikati ya sentensi. Sitakuandikia kuhusu joto la Magadi unakokwenda kesho kuanza kazi, wala maji ya huko, wala namna ya kuishi na wenzako katika nyumba za kampuni. Una miaka ishirini na sita. Kama hujui kufunga chandarua hadi leo, barua haitakusaidia.

Nakuandikia kwa sababu ya ile skripti yangu ya kompyuta.

Juzi ulikuja hapa kitandani na laptop yako, ukaiweka juu ya blanketi langu, ukanionyesha umeikuta kwenye diski yangu ya zamani. Umeisafisha, umeipanga upya, umeipa maelezo. Ukaniambia, "Mathe, hii kitu yako bado ni moto. Nikifika huko, hii ndiyo ya kwanza nitaweka kwa mashine." Nikakuangalia ukitabasamu. Nikasema nimechoka, nataka kulala. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naangalia mstari wa kumi na tisa, ambao hukuugusa.

Skripti hiyo ilimfanya mtoto wa watu kuwa kiziwi. Kisha nikaitumia kumwangamiza baba yako.

Nimeandika sentensi hizo mbili haraka ili nisipate nafasi ya kuzirudia. Sasa nitakueleza polepole, kama ninayemweleza mtu asiyejua kompyuta, kwa sababu wewe unazijua na bado hukuona.

Ulipokuwa na miaka tisa nilikuwa msimamizi wa mitambo katika hospitali moja ya Kajiado. Tulikuwa na seva moja ya kuhifadhi faili, katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa. Kompyuta za maabara na za wodi hazikuweka chochote ndani yao. Kila moja ilikuwa na folda iliyoitwa matokeo, na folda hiyo ilikuwa mlango tu. Ukiifungua, unapita kwenye waya na kuingia kwenye seva. Maabara ikiandika, wodi inasoma. Mimi ndiye niliyependekeza, baada ya mpango huo kuanza, kwamba karatasi za maabara ziondolewe kabisa. Nilisema zinachafua meza.

Seva ikianguka, mlango ule haukufungwa. Ulibaki wazi ukingoja. Programu yoyote iliyougusa ilisimama papo hapo. Haikufa na haikusema kitu. Ukiandika ls ili kuona faili zilizomo, skrini inanyamaza. Ukiandika df ili kuuliza nafasi iliyobaki, nayo inakwama kando ya mwenzake. Ukijaribu kuiua kwa kill -9, bado iko palepale, kwa sababu imelala usingizi ambao mfumo wenyewe haumruhusu mtu kuukatiza. Kompyuta nzima inaonekana imekufa kwa sababu ya folda moja isiyojibu. Na pale Kajiado, umeme ukikatika na jenereta ikichelewa, jambo hilo lilitokea mara mbili au tatu kwa wiki.

Mkuu wa utawala, mtu mwenye sauti ya kwaya, alikuwa akinisubiri kwenye korido mbele ya madaktari. "Madam, mashine zako leo zimeombewa ama bado zimelala?" Wanacheka. Nilikuwa na digrii mbili. Nilikuwa mwanamke wa pekee katika mikutano ile. Kicheko kile kilinifika mahali ambapo hata ugonjwa huu haujafika.

Basi nikaandika skripti. Kila dakika iliamka, ikajaribu kufungua folda ya matokeo kwa ls, ikangoja sekunde tano. Isipojibiwa, iling'oa mlango kwa umount -l, ule mstari wa kumi na tisa, amri inayoondoa mlango hata kama kuna watu wameushika, kisha ikajaribu kuurudisha. Ilifanya kazi. Programu mpya hazikukwama tena. Zile zilizokwisha kukwama niliziacha zibaki humo ndani kama wafungwa, maadamu hazikuonekana. Kicheko cha kwenye korido kikaisha.

Mtu mmoja aliniambia ukweli. Unamkumbuka Barasa, fundi wangu, mtu wa Bungoma aliyepanga chumba kimoja hapa Kitengela na kuwaacha mke na watoto wanne nyumbani. Alisoma skripti hiyo asubuhi moja akiwa amesimama, kikombe mkononi.

"Madam, hiyo -l naiogopa."

"Unaogopa herufi, Barasa?"

"Hiyo inang'oa mlango, lakini folda ya chini inabaki. Tukishindwa kurudisha mlango, maabara itaandika kwa diski ya hapa hapa. Na hakuna mtu atajua."

Wahasibu wawili walikuwa wamekuja kuomba wino wa printa. Nikawaangalia wao kwanza, kisha yeye.

"Barasa, wewe ulisomea wapi?"

"Unajua nilisomea wapi, madam."

"Sema, hawa wasikie."

Akakitaja chuo chake cha ufundi. Wahasibu wakacheka kwa sababu niliwapa ruhusa ya kucheka.

"Sawa, madam," akasema. "Wewe ndiye umesoma." Akamaliza chai yake, akaosha kikombe, akanioshea na changu.

Sasa elewa kilichotokea, maana wewe utakaa mbele ya mashine kama hizo.

Ijumaa moja asubuhi umeme ulikatika. Seva ilianguka, ikachukua dakika kumi kuamka. Kompyuta ya wodi haikuwa na betri. Ilizimika, ikawaka baadaye, ikaunganishwa na seva vizuri. Ile ya maabara ilikuwa na betri, haikuzimika. Skripti yangu iliamka humo, ikaona folda imekwama, ikang'oa mlango, ikajaribu kuurudisha mara moja. Seva ilikuwa bado haijaamka, ikashindwa. Sikuwa nimeandika mstari wa kuuliza kama imeshindwa. Nilidhani haina haja, kwa sababu dakika inayofuata itajaribu tena.

Dakika iliyofuata iliamka na kuuliza folda, upo? Na folda ikajibu. Ilijibu upesi kuliko siku zote. Haikuwa seva iliyojibu. Ilikuwa ile folda tupu ya chini, ya diski ya maabara yenyewe, ambayo haina waya wa kupita wala mtu wa kungoja. Skripti ikaandika kwenye kumbukumbu yake: sawa. Dakika iliyofuata: sawa. Iliandika sawa kutoka Ijumaa hadi Jumapili, na mimi nilikuwa nyumbani nikikusaidia hesabu za mgao.

Jioni ya Ijumaa hiyo mzee mmoja wa Mashuuru alimleta binti yake, Naserian, mwenye miaka tisa kama wewe, ana homa na shingo inamuuma. Walimwanzishia dawa za malaria. Jumamosi daktari akatoa maji ya uti wa mgongo, akayapeleka maabara, akaacha maagizo kwamba majibu yakitoka aitwe. Fundi wa maabara alikuwa peke yake. Akaona vijidudu vya homa ya uti wa mgongo. Akaandika matokeo saa nane na dakika kumi mchana, akayahifadhi, kompyuta ikamwambia yamehifadhiwa, akaenda nyumbani akiamini yamefika wodini. Zamani angeyapeleka kwa mkono wake.

Muuguzi wa zamu wodini alikuwa baba yako.

Aliangalia saa tisa. Aliangalia saa kumi na mbili. Aliangalia mara mbili usiku na mara moja alfajiri. Alipiga simu maabara, hakuna aliyepokea. Kwenye skrini, mbele ya jina la mtoto, palikuwa peupe. Jumapili asubuhi umeme ukapotea kwa muda mrefu, betri ya maabara ikaisha, kompyuta ikazimika na baadaye ikawaka. Ilipowaka ikaunganishwa na seva kama kawaida, na mlango ukarudi juu ya ile folda ya chini ukazifunika faili zote zilizoandikwa humo. Hazikufutwa. Zilikuwa chini ya sakafu.

Saa sita mchana Naserian alishikwa na degedege. Wakamwita fundi wa maabara, wakapima upya, wakampa dawa inayofaa. Alipona. Lakini masikio hayakurudi.

Jumatatu asubuhi fundi wa maabara alikuwa akiapa kwa jina la mama yake kwamba aliandika Jumamosi. Nilijua kabla hajamaliza kuapa. Nikaenda kwenye kompyuta yake, nikaondoa mlango kwa mkono, nikaandika ls. Faili kumi na nne. Ya nne ilikuwa ya Naserian.

Barasa alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Twende tuwaambie, madam. Tutaenda sote wawili."

Nikahamisha faili zote kumi na nne kwenye seva. Nikazihamisha kwa amri inayozibakizia tarehe na saa zake za kwanza. Vidole vyangu vilichagua amri hiyo bila kuniuliza, au hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi. Sasa sina nguvu za kujidanganya. Niliichagua. Baada ya hapo, mtu yeyote aliyefungua seva angeona matokeo ya Naserian yaliingia Jumamosi saa nane na dakika kumi, na kwamba yalikuwa pale muda wote, mbele ya macho ya muuguzi.

Nikamgeukia Barasa. "Mkataba wako unaisha lini?"

Akaanza kukunja waya uliokuwa mezani.

"Na wa mwisho kuwasha hii kompyuta ya maabara alikuwa nani?"

"Ni mimi, madam. Unajua ni mimi. Wewe ndiye ulinituma."

"Basi nyamaza."

Alinyamaza. Miezi minne baadaye aliacha kazi.

Walipokaa kuchunguza, nilijua zamu ilikuwa ya nani. Usifikiri nilishtukizwa. Nilikuwa na siku mbili za kufikiri nikiwa nimelala kando yake. Alikuwa akiamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, anasema, "Mama Mwangi, niliangalia. Naapa niliangalia." Nikamwambia alale.

Ofisini waliniita kama mtaalamu. Mkuu wa utawala akauliza, "Madam, kompyuta inasema faili iliingia lini?" Nikasema, "Kompyuta inasema Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana." Kila neno lilikuwa kweli. Baba yako alikuwa upande wa pili wa meza, kofia yake magotini. Akaniangalia mimi, hakuwaangalia wao. Kisha nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyeniuliza. Nikasema kwa upole, "Labda alichoka. Alikuwa ameunganisha zamu mbili."

Nimesikia watu wakisema uongo mkubwa. Sijawahi kusikia uliofanya kazi kama huruma ile. Hadi pale alikuwa akiapa. Baada ya hapo akaacha. Alisema, "Labda." Wakamfukuza, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya wauguzi.

Huenda unadhani niliishi na majuto. Niliishi na hofu, na hofu ni kitu kikali zaidi. Nilihitaji awe mzembe. Angekuwa mtu makini nyumbani, watu wangeuliza, na yeye mwenyewe angeuliza. Kwa hiyo nilimfanya mzembe. Nilihamisha funguo zake kutoka msumarini, kisha nikamsaidia kuzitafuta. Nilimwambia amenieleza jambo ambalo hakunieleza. Alienda kupimwa macho. Alienda kwa daktari wa kichwa huko Nairobi, akarudi na karatasi inayosema hana tatizo, nikaisoma na kusema, "Hawa nao wanakosea."

Unakumbuka ulipokuwa na kikohozi, akakupimia dawa kwenye kijiko? Mtu aliyewapimia watoto dawa miaka kumi na minane. Nilikuja nikamshika mkono, nikamwaga kile kijiko kwenye sinki, nikapima upya mimi mwenyewe, wewe ukituangalia. Baada ya siku hiyo nilifungia dawa kabatini na kuvaa ufunguo shingoni. Hukuwahi kuuliza kwa nini. Ulielewa nilichotaka uelewe.

Yeye alitaka kwenda Mashuuru kuomba msamaha. Nikampeleka kwa gari kwa sababu niliogopa angeenda na Barasa. Mtu alikuwa amemwelekeza kwamba kwa Wamaasai anayetaka amani hushika majani mabichi mkononi. Akashuka barabarani akang'oa majani kwenye mtaro, baba yako, mtu wa Murang'a, akaenda akiyashika kama mtoto aliyetumwa. Mimi nilibaki garini na vioo juu. Nilimwona mzee akitoka, nikasikia salamu ya Kimaasai, "Sopa." Na baba yako akaitikia, "Ipa." Akaanza kueleza, akiinua yale majani. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akamshika bega, akamwambia, "Mtoto yuko hai. Ingia unywe chai." Akaniashiria na mimi. Nikatikisa kichwa.

Naserian alikuja akasimama mbele ya gari, ameligeuzia mgongo, anachunga mbuzi wawili wachanga. Nilikuwa sijaamini bado. Nilitaka iwe wametia chumvi, iwe anasikia kidogo. Nikapiga honi. Mbuzi wakaruka. Ng'ombe zizini wakashtuka. Mbwa akabweka. Baba yako akageuka, mzee akageuka. Mtoto hakugeuka.

Nilipiga tena. Nataka ujue kwamba nilipiga tena.

Njiani kurudi baba yako alilia kutoka Mashuuru hadi barabara kuu, kwa ajili ya kosa langu, na mimi nikamwambia apanguse uso kabla hatujafika Isinya, maana huko kuna watu wanaotujua.

Mwaka uliofuata alihama. Ulikuwa na miaka kumi, nikakuambia ameshindwa kuishi na aibu yake. Yuko Oltepesi tangu wakati huo, ana duka la chumvi na chakula cha mifugo. Alijifunza lugha ya ishara kwa ajili ya Naserian, na kila likizo ya shule alikuwa akipanda gari kwenda Mashuuru kuwafundisha wazazi wake ishara alizojifunza, ili mtoto apate mtu wa kuongea naye nyumbani. Hayo nimeyapata kwa Barasa. Sikuwahi kuyataka.

Na ile siku ya kufunga shule, ulipokuwa darasa la nane, alipokuja bila kualikwa akasimama karibu na bendera, amevaa koti. Wenzako wakakuuliza ni nani. Ukasema kwa sauti, "Ni yule aliyemfanya msichana wa watu kiziwi." Alitabasamu kana kwamba umemsalimu. Akaondoka kabla ya zawadi kutolewa. Njiani nilikununulia chipsi na soda, nikakuambia umekuwa mwanamume. Sentensi ile haikuwa yako. Niliitengeneza mimi, nikaiweka mdomoni mwako, na nilipoisikia imetoka vizuri nilihisi usalama. Hicho ndicho nilichokihisi.

Nimepumzika kidogo. Jua limeshafika kwenye ukuta wa jirani.

Kuhusu kazi, nina kidogo cha kukuambia, na hiki nimekilipia kwa maisha ya watu wengine. Folda ikikwama, usiiguse ili kujua kama imekwama, kwa sababu na wewe utakwama. Soma kwanza /proc/mounts, ambayo inakuambia kilichounganishwa bila kuuliza seva. Ukilazimika kugusa, tuma programu nyingine iguse kwa niaba yako, uipe sekunde chache, na ikikwama usiingoje. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni kwamba jibu si dalili ya uzima. Skripti yangu iliuliza kama folda inajibu. Haikuuliza ni nani anayejibu. Weka upande wa seva faili moja ndogo ya alama, na kabla ya kusema sawa, hakikisha umeiona. Ile folda ya chini ifunge kwa chattr +i isiandikike na mtu yeyote, hata na wewe, ili mlango ukiondoka programu ianguke kwa kelele. Na kama huwezi kurudisha mlango, usiung'oe. Acha kila kitu kikwame. Acha wakutukane kwenye korido. Kompyuta iliyokwama Ijumaa ile ingemfanya fundi wa maabara aandike kwenye karatasi na kutembea hatua sitini hadi wodini. Ukimya wa mashine ungemwokoa yule mtoto. Mimi niliuondoa ule ukimya kwa sababu ulinitia haya.

Kisha kuna siku utakosea. Hakuna hekima ninayoweza kukupa hapo, sikuwa nayo. Najua tu muda nilioupata. Tangu nilipoona zile faili kumi na nne hadi nilipozihamisha zilipita kama dakika sita. Barasa alinipa njia ndani ya dakika hizo, tena alijitolea kutembea nayo pamoja nami. Sijapata dakika nyingine sita kama zile katika miaka kumi na saba.

Wiki iliyopita, daktari aliponiambia nipange mambo yangu, nilimwita Barasa. Bado anaishi hapa Kitengela, ana mvi, watoto wamesoma. Alikaa kwenye kiti hicho unachowekea nguo zako. Nikamwambia nimemwandikia baba yako, Elijah, kila kitu, na namwomba ampelekee barua.

"Umechelewa, madam."

"Najua."

"Hapana, hujui. Wewe unafikiri umechelewa wiki mbili tatu kabla ya kufa. Mimi nimemwona yule mtu akisoma risiti ya chumvi mara tano kabla ya kuitia mfukoni, kwa sababu haamini macho yake. Hiyo ndiyo kuchelewa."

"Na wewe ulinyamaza, Barasa."

"Nilinyamaza," akasema. "Mimi nitajibu yangu. Lete hiyo barua."

Akaenda nayo jana. Leo saa saba, ulipokuwa unapiga pasi, akarudi. Nilikutuma maziwa ili usikie kidogo iwezekanavyo. Nilikuwa nimeshapanga mambo, Mwangi, kama nilivyozoea kupanga. Gari lenu la kesho litapita Isinya na Kiserian kisha litateremka hadi Oltepesi. Nilikuwa nimewaza kwamba litasimama, utashuka, utaingia dukani kwake, na yeye atakuwa ameshajua, na wewe utakuwa umeshajua, na mimi nitakuwa nimelala hapa nikijua mko pamoja. Nilitaka kufa na picha hiyo. Ningeiandika kama ombi na wewe usingeweza kukataa.

Barasa alinieleza ilivyokuwa. Aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza akafunga duka, mchana, wateja wakiwa nje. Akakaa juu ya gunia la chumvi muda mrefu. Barasa alimwambia kwamba unapita kesho, kabla ya saa tano, na kwamba mimi nataka ushuke umsalimie.

"Asisimame," akasema.

Barasa akafikiri amesikia vibaya.

"Mwambie asisimame. Nimejifunza kumpenda akinidharau. Hiyo naiweza, nimeizoea. Hii nyingine siijui bado. Akishuka kesho na uso wa kuniomba msamaha, nitamwambia ni sawa, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo, na haitakuwa sawa, naye ataondoka akifikiri imekwisha. Mwambie mama yake asinipangie na hili."

Kuhusu mimi hakusema kitu kingine. Barasa alingoja aone kama angesema.

Basi sina ninachokuomba. Nimeandika haya na nitayaweka ndani ya begi lako jipya, nami nitakuambia ulifungue garini mkishapita Kiserian, ukiwa mbali na mimi, kwa sababu siwezi kukuangalia ukisoma. Ukitaka kunichukia, anza. Usirudi kunizika kwa ajili ya majirani. Lakini nakuomba umtii yeye katika jambo hili la kwanza ambalo amewahi kukuomba, maana mengine yote niliyazuia kabla hayajakufikia. Oltepesi kuna matuta, gari litapunguza mwendo, na duka liko karibu kabisa na barabara. Huenda mlango utakuwa wazi. Huenda atakuwa amesimama pale. Usiteremke, Mwangi. Usimpungie mkono. Mwache akuone ukipita.

Mama yako